Kidonda Kilichopigwa Pasi

Mtu wa mtaa ule akiitwa kwenye usaili wa kazi, alipita kwanza kwa Mzee Nyoosha. Akienda kuposa, alipita kwa Mzee Nyoosha. Hata akiitwa na hakimu, alipita kwa Mzee Nyoosha. Watu walisema hakimu mwenyewe huona haya kumfunga mtu mwenye shati lililonyooka namna ile.

Mzee Nyoosha alikuwa dobi. Mkewe naye alikuwa dobi, tena dobi kwelikweli. Watu walimwita Mama Weupe, kwa sababu shuka iliyopita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe ikiwa nyeupe pe. Mke alifua na kuanika uani. Mume alipiga pasi chumba cha mbele, amesimama, tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa akisema nguvu ya pasi hutoka miguuni, mkono unaelekeza tu.

Nyumba yao ilikuwa na sheria moja. Kitu hakitoki mlangoni kikiwa na doa wala kunjo. Iwe shati la mteja, iwe kitambaa cha jikoni, iwe mtu. Mama Weupe aliisimamia sheria hiyo kama askari. Aliwahi kumrudisha mumewe kutoka njiani kwa ajili ya kola tu. Na alijivunia. Kwa nini asijivunie? Mcheza kwao hutunzwa, na wao walitunzwa na mtaa mzima.

Siku moja Mzee Nyoosha aliona kijivimbe kwenye muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu. Kilikuwa chekundu na kigumu. Hakikuuma sana.

"Mbu huyo," alisema mkewe.

"Mbu gani? Huyu ana magego," alisema mume.

Wakacheka, wakaendelea na kazi. Lakini kijivimbe hakikucheka nao. Kilikua, kikapasuka, kikawa kidonda chenye kingo zilizoinuka. Majirani wakasema ni donda ndugu. Mmoja akaleta majani, mwingine akaleta unga wa betri. Mama Weupe aliwashukuru wote, akavitupa vyote, akampeleka mumewe hospitali. Hapo alifanya vyema sana.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke makini, anayesikiliza kuliko anavyosema. Alikitazama kidonda. Alikata kinyama kidogo katikati ya kidonda, kikapelekwa maabara. Majibu yalionyesha usaha, nyama iliyokufa na ngozi iliyovimba. Hayakuonyesha zaidi ya hapo.

"Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili hukasirika bila sababu," daktari alieleza. "Inaanza kuishambulia ngozi yenyewe, ngozi inachimbika kidonda. Hausababishwi na uchafu. Nadhani ndio huu. Nitakupa vidonge vya kuituliza kinga hiyo. Ni vikali. Vinywe kama nilivyoandika. Usizidishe, usipunguze, usikatishe ghafla. Na kikitokea kitu kingine chochote kwenye ngozi yako, nataka kujua. Magonjwa mengine hufanana na huu."

"Tumesikia, daktari," walijibu wote wawili.

Kusikia walisikia. Shida ilikuwa ile sheria ya nyumba.

Mwanzoni vidonge vilifanya kazi. Kidonda kikapungua, kikakauka pembeni. Daktari akafurahi, akaanza kupunguza dozi pole pole. Kidonda nacho kikaanza kurudi, pole pole vilevile.

Siku ya kliniki ilipokaribia, Mama Weupe aliutazama mguu wa mumewe, akasikitika. Angempelekaje mtu kwa daktari akiwa hivi? Watasema nini, kwamba mke wa dobi hawezi kutunza hata mguu? Basi akakiosha kidonda asubuhi na jioni. Akakikausha. Akafua bandeji, akaipiga pasi. Mume naye alikuwa na ufundi wake. Siku nyingine aliruka vidonge, akaviweka. Kliniki ikikaribia alivinywa vingi kwa pamoja, na kidonda kilinywea kama kimeambiwa.

Siku ya siku alivaa suruali yenye mstari wa pasi ulionyooka kama rula. Aliikunja mpaka chini ya goti tu. Kidonda kilikuwa safi, kimefungwa vizuri.

"Unaendeleaje?" daktari aliuliza.

"Vizuri, daktari. Tunashukuru."

"Kuna kitu kingine kwenye ngozi?"

"Hakuna, daktari."

Hapo Mzee Nyoosha alidanganya kidogo. Kiunoni kwa nyuma, chini ya mkanda, palikuwa na baka jekundu lenye kijivimbe katikati. Lakini alijiambia ni joto la pasi na jasho la mkanda. Isitoshe, mtu mzima atavuaje suruali mbele ya mwanamke kwa ajili ya kijipele? Hata kwa mkewe aligusia kwa ufupi tu, na mkewe akampaka mafuta.

Ikawa hivyo kliniki baada ya kliniki. Daktari alikuwa akiona kidonda kilichopigwa pasi.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Kidonda kikatanuka. Kikaanza kunuka, na Mama Weupe, ambaye pua yake ilijua sabuni zote, alishindwa kuitoa harufu ile. Uso wa mumewe ukavimba kwa vidonge. Usingizi ukampotea. Akaanza kuegemea meza akipiga pasi, kisha akaanza kukaa. Mashati yakatoka na makunjo. Wateja waliona, wakanyamaza kwa heshima.

Siku moja kidonda kilitoka damu nyingi. Wakakimbilia hospitali bila kungoja kliniki. Daktari wa ngozi hakuwepo. Walimkuta daktari mwingine wa zamu. Akaizuia damu, akakisafisha kidonda, akawaambia ukweli.

"Rudini haraka kwa daktari wenu wa ngozi. Kidonda hiki kikifika kwenye mfupa, huenda tukalazimika kuukata mguu."

Walipofika nyumbani Mzee Nyoosha alikaa kitandani, akaushika mguu kwa mikono miwili.

"Dobi asiye na mguu ni nani?" aliuliza. "Niambie. Ni nani?"

"Usiseme hivyo, baba."

"Basi sikiliza. Siku ya kliniki kidonda hiki kisionekane hivi. Wakikiona hivi, wanabaki na mguu wangu. Kisafishe kuliko siku zote."

Mama Weupe aliogopa sana. Mtu akiogopa hushika kile anachokijua. Yeye alijua kuosha. Akaongeza maji, akaongeza chumvi, akaongeza bandeji. Na mumewe akaanza tena kuweka vidonge.

Sasa, katika mtaa ule aliishi muuguzi mmoja. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda pale pale hospitali. Watu wote walimwita Sista. Sare zake zilifuliwa kwa Mama Weupe, naye alimtania Mzee Nyoosha kila alipozifuata.

"Hodi uani!" alibisha siku hiyo. "Sare zangu zimeiva?"

Hakungoja kukaribishwa, maana alikuwa mwenyeji. Akaingia, akamkuta Mzee Nyoosha ameinama juu ya beseni, shati limepanda mgongoni, na mkewe anamfungua bandeji.

Sista alisimama. Utani wote ulimtoka.

"Shemeji," alisema, "hiki ndicho kidonda ninachokifunga mimi kliniki?"

"Ndicho," alisema Mzee Nyoosha. "Leo hakijavaa."

"Tangu lini kiko hivi?"

Mume na mke wakatazamana. Mama Weupe akajibu kwa sauti ndogo. "Kiko hivi siku zote, mdogo wangu. Tunakitengeneza kabla ya kuja."

"Na hili la kiunoni?"

"Jasho la mkanda," Mzee Nyoosha alisema haraka, akishusha shati.

"Shemeji, jasho halina mzizi. Hilo nimeliona limevimba. Daktari amelionyeshwa?"

"Sista, chukua sare zako," Mzee Nyoosha alisema. Alikuwa amekasirika. "Mimi sitakwenda kujianika mbele za watu kama soksi. Mguu wangu nitautunza mwenyewe."

Sista hakuondoka. Alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa juu yake.

"Nitaondoka. Lakini niulize jambo la kazi kwanza. Mteja akipatwa na doa, akalisugua nyumbani kwa dawa zake, kisha akakuletea wewe nguo bila kukwambia kitu, unamwonaje?"

Kumwuliza Mzee Nyoosha habari ya kazi yake ni kufungulia bomba. Alisahau hasira.

"Huyo ni adui! Huyo simtaki! Kwanza ameliharibu doa, silijui tena ni la nini. La damu lina dawa yake, la mafuta lina yake, la kutu lina yake. Ukikosea, unalipikia ndani ya kitambaa, halitoki maisha. Mimi nataka doa lije kama lilivyo! Nilione, nilinuse, niulize limetoka wapi. Mteja anayenifichia doa anataka nguo yake ife, halafu aseme dobi..."

Akautazama mguu wake mwenyewe. Mama Weupe alikuwa ameshika bandeji iliyopigwa pasi, akaitazama, kisha akaiweka chini taratibu. Alihisi uso unamwaka. Mikono yake aliyoisifu miaka yote ndiyo iliyomfichia daktari kidonda.

"Ndiyo hivyo," Sista alisema kwa upole. "Daktari wa ngozi hutibu kwa macho kwanza. Akikiona kidonda kimenywea, anaamini dawa inafaa. Kumbe unakunywa unavyotaka wewe. Hivyo vidonge, shemeji, ukivikatisha ghafla au kuvijaza tumboni kwa pamoja vinaweza kukuangusha kabla ya kidonda. Na kidonda kinachopata nafuu kisha kinarudi, kinarudi tena, lazima kiulizwe upya. Labda sicho tulichodhani."

"Wakiukata?" aliuliza Mama Weupe.

"Dada, kinachofanya mguu ukatwe ni kuchelewa. Kesho twendeni. Msikioshe kwa ajili ya daktari. Kifungeni tu kwa kitambaa safi. Nendeni na vidonge vyote vilivyobaki."

Mama Weupe alimtazama mumewe. Mzee Nyoosha alishusha pumzi.

"Haya," alisema. "Lije kama lilivyo."

Asubuhi Mzee Nyoosha alitoka mlangoni na suruali ya kawaida, haijapigwa pasi. Mtaa mzima ulidhani kuna msiba.

Mbele ya daktari, Mama Weupe ndiye aliyezungumza. Sauti yake haikutetemeka. Alieleza yote: kidonda kilivyooshwa kabla ya kliniki, vidonge vilivyorukwa na kurundikwa, baka la kiunoni. Akaviweka vidonge mezani. Mzee Nyoosha akavua shati mwenyewe, akalegeza mkanda, akageuka.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. Alipima kwapani na kwenye kinena kama kuna tezi zilizovimba. Kisha akakaa.

"Ahsanteni," alisema. "Sisemi kwa adabu tu. Mmenipa macho leo. Na mimi nilipaswa kukukagua mwili mzima tangu mwanzo, nisiishie kwenye suruali iliyokunjwa. Tumekosea pamoja, tutarekebisha pamoja."

Akaeleza. Kinyama cha kwanza kilitoka katikati ya kidonda, mahali penye usaha na nyama iliyokufa. Ugonjwa wenyewe ungeweza kuwa umejificha pembeni. Safari hii angekata vinyama kadhaa kwenye ukingo, na kwa kina zaidi, na kingine kwenye kile kijivimbe cha kiunoni. Angevipunguza vidonge kwa mpango, kidogo kidogo, akimwangalia.

"Kukata hakutakiamsha kidonda?" aliuliza Mzee Nyoosha. "Uliniambia ugonjwa ule haupendi kuchokozwa."

"Ni kweli, ndiyo maana mwanzo nilikata kidogo. Lakini kutojua ni hatari kuliko kukata. Utachomwa sindano ya ganzi, utasikia ninavuta tu."

Majibu yalipokuwa tayari, waliitwa wote wawili. Daktari hakuzungusha maneno.

"Mzee, ni aina ya saratani."

Neno hilo likitajwa, masikio huziba. Mama Weupe aliona midomo ya daktari inacheza, hakusikia kitu. Daktari alilijua hilo. Akangoja, kisha akaanza upya.

"Mwilini tuna chembe za ulinzi. Kazi yake ni kupigana na maradhi. Kwako, baadhi ya chembe hizo zimeasi. Zinazaliana ovyo ndani ya ngozi. Zinafanya vivimbe, vivimbe vinapasuka, vinakuwa vidonda. Hii inaitwa limfoma ya ngozi. Kwa macho, kidonda chake kinaweza kufanana kabisa na ule ugonjwa niliowaambia mwanzo."

"Na vidonge mbona vilisaidia?" aliuliza Mama Weupe, sauti imeanza kumrudia.

"Vilizituliza hizo chembe kwa muda. Havikuziondoa. Ndiyo maana kidonda kilirudi kila tulipopunguza."

"Nimemwambukiza mke wangu?" aliuliza Mzee Nyoosha.

"Hapana. Haiambukizi kwa kugusana, wala kwa kulala pamoja, wala kwa kufua nguo pamoja. Haikutokana na uchafu. Na kwenu nyinyi, hata ningetaka kusingizia uchafu ningekosa pa kuanzia."

Mzee Nyoosha alicheka kidogo, machozi yakiwa machoni. "Na mguu?"

"Zipo limfoma za ngozi za namna nyingi. Nyingine ni kali. Yako ni ya aina inayokwenda taratibu, na vipimo vya mwili mzima havionyeshi kuwa imesambaa ndani. Tutatibu kidonda kwa mionzi, na utapata dawa nyingine ya kuzidhibiti hizo chembe. Mguu wako sitaki kuukata, mzee. Nautaka mzima."

Mama Weupe alilia pale pale, bila kujificha. Kisha akapangusa uso, akauliza mionzi inaanza lini.

Matibabu hayakuwa mteremko. Mionzi yenyewe haikuuma, lakini ngozi ikawa nyekundu na laini, kama ya mtoto. Dawa ilimchosha, na mara kwa mara alitolewa damu kupimwa. Siku nyingine Mzee Nyoosha alikataa kula. Siku nyingine alimkaripia kila mtu, hata pasi. Mama Weupe alimsikiliza, na kila walipokwenda kliniki alieleza yote, mazuri na mabaya. Usingizi ulivyokuwa. Maumivu yalivyokuwa. Vidonge alivyosahau. Alijifunza kusema "hapana, leo hajisikii vizuri" bila kuona haya.

Kidonda kikaanza kujaa nyama kutoka chini, nyama nyekundu yenye afya. Harufu ikaondoka. Kingo zikashuka. Kijivimbe cha kiunoni kikanywea, kikabaki alama. Mwishowe ngozi ikafunga juu ya muundi, nyembamba na yenye kung'aa. Mzee Nyoosha akasimama tena kwenye meza yake. Siku ya kwanza alisimama kidogo. Baadaye alisimama mpaka mkewe akamwambia akae, naye akajibu kwamba amekaa vya kutosha.

"Nimepona?" alimwuliza daktari.

"Ugonjwa umetulia," alisema daktari. "Sisemi umekwisha. Aina hii hupenda kurudi mahali pengine kwenye ngozi. Ikirudi, tutaitibu tena. Muhimu nijue mapema."

Ikarudi. Miezi ilikuwa imepita. Mama Weupe alikuwa akimkagua mumewe mgongo na miguu, kama walivyofundishwa, akaona kipele chekundu nyuma ya paja la mguu ule ule. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama.

Hakukipaka mafuta. Hakukiosha mara mbili. Alimwambia, "Baba, kuna kitu."

"Kikubwa?"

"Kidogo. Lakini kipo."

Mzee Nyoosha aligeuza kichwa. Mama Weupe alimwona anavyoitazama suruali yake nzuri iliyoning'inia kwenye hanga. Akajua anachopigana nacho. Hakumsukuma.

"Suruali itamsumbua daktari kukunja mpaka huko juu," Mzee Nyoosha alisema mwishowe. "Nipe kaptura."

Katika maisha yake ya utu uzima alikuwa hajawahi kutoka nje na kaptura. Asubuhi ile alitoka nayo. Daktari alikitazama kipele, akakata kinyama, na majibu yalisema ni ule ule ugonjwa, umekamatwa ungali mchanga. Mionzi michache ikatosha. Daktari aliita madaktari wanafunzi, akawaambia watazame mtu anavyokuja mapema. Sista alikuwa mlangoni, akampigia shemeji yake makofi.

Siku ya mionzi ya mwisho walirudi nyumbani kwa miguu. Mzee Nyoosha alitangulia, kaptura yake na kovu lake juani. Mama Weupe alikuwa nyuma, anahema, anakimbia kidogo ili amfikie. Kwenye vibaraza watu waligeuka kumtazama mzee wa suruali zilizonyooka akipita na mguu wazi.

"Baba," alisema Mama Weupe, "watu wote wanakutazama."

"Waache watazame," alisema Mzee Nyoosha, wala hakupunguza mwendo. "Mguu ni wangu."